Chupa ya Bordeaux kwa Keja ya Eastlands: Vile Utaionja na Pahali Utaificha

Umepewa chupa. Labda bosi ametoka safari, labda mjomba wa majuu amekuja na zawadi ya harusi, labda umetoa ganji yako mwenyewe juu mtoto amezaliwa mwaka huu na unataka mfungue pamoja akigonga 18. Iko na picha ya jumba la mawe, maandishi ya Kifaransa na kizibo cha gome la mwaloni. Shida ni, unaishi bedsita Pipeline, ama orofa ya juu kabisa Umoja, ama nyumba ya mabati Mukuru, ukuta kwa ukuta na kiwanda. Utaiweka wapi isiharibike? Na siku ya kuifungua, utajuaje kama unakunywa kitu ya maana ama siki ya bei?

Watu hudhani hizi ni stori za Runda na Karen. Lakini waini nyingi inayoingia Nairobi hupitia huku kwetu kwanza. Kontena zinatoka Mombasa kwa lori ama kwa treni ya SGR hadi bandari kavu ya Embakasi, halafu mzigo unasambaa kwa maghala ya Industrial Area na kando ya Mombasa Road. Kenya Wine Agencies, ile tunaita KWAL, ilianzishwa na serikali 1969, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Enterprise Road. Kabla soko lifunguliwe miaka ya 1990, waini ya Kenya ilikuwa ni kama imeshikiliwa na hao peke yao. Kwa hivyo baba ya mtu kule Hazina ama Mariakani alibeba hayo makatoni mgongoni kabla yafike kwa hoteli ya tai. Ni haki tujue ndani kulikuwa na nini.

(Kama hujafika 18, soma tu, usifungue. Sheria ya pombe ya 2010, ile ya Mututho, haijafutwa.)

Bordeaux ni nini, na kwa nini bei iko juu

Bordeaux ni mji wa bandari kusini-magharibi mwa Ufaransa, na mashamba ya zabibu yamezunguka mito yake. Waini nyekundu ya huko si ya zabibu aina moja. Ni mchanganyiko. Upande wa kushoto wa mto, kwenye kokoto, Cabernet Sauvignon ndio mdosi. Upande wa kulia, kwenye udongo wa mfinyanzi kama Saint-Émilion na Pomerol, ni Merlot. Halafu kuna Cabernet Franc, Petit Verdot na Malbec, zinawekwa kidogo kidogo vile mathe huweka binzari. Nchi ingine ikichanganya zabibu hizo hizo, inaitwa waini ya mtindo wa Bordeaux, na hapa ndio Afrika Kusini inaingia: Meerlust Rubicon tangu mavuno ya 1980, na Kanonkop Paul Sauer. Hizo mbili zinaweza kukaa meza moja na Wafaransa bila kuona haya.

Mwaka 1855, kwa maonyesho makubwa ya Paris, Napoleon wa Tatu alitaka orodha ya waini bora za Bordeaux. Madalali wakazipanga madaraja matano kwa kuangalia tu zilikuwa zinauzwa bei gani. Hiyo orodha bado inatumika hadi leo! Badiliko kubwa ni moja tu, 1973, Mouton Rothschild ilipopandishwa hadi daraja la kwanza, ikaungana na Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Hizo tano ndio unasikia zikitajwa kwa ngoma za marapa. Chupa yako karibu hakika si mojawapo, na usijali. Bordeaux ina maelfu ya mashamba, na mengi yanatengeneza waini poa ambayo haihitaji uuze pikipiki.

Kwa lebo, maneno "Grand Vin de Bordeaux" yasikutishe, hayathibitishi ubora wowote. "Mis en bouteille au château" ina uzito zaidi, maana yake ilitiwa chupani hapo hapo shambani. Cheki pia mwaka wa mavuno. Miaka kama 2005, 2009, 2010 na 2016 ilisifiwa sana Bordeaux nzima.

Kuhusu bei, weka hii akilini. Ushuru wa pombe Kenya hauangalii kama waini ni tamu ama ni takataka, unahesabu kiasi. Ongeza usafiri, chupa, kizibo, halafu VAT ya 16% juu. Kwa hivyo chupa ya bei ya chini kabisa, pesa nyingi imeenda kwa kila kitu isipokuwa waini. Ukipanda bei kidogo, ile nyongeza sasa inaingia ndani ya chupa. Kwa maoni yangu, Mwafrika Kusini wa bei ya kati anampiga Mfaransa wa bei ya chini kila siku.

Kabla ulipe

Waini ikishakaa kwa kontena jua la Machi pale Mombasa, ama chini ya mabati ya ghala bila hewa, tayari imepikwa kabla uione. Chunguza shingo. Kizibo kimesukumwa juu kidogo? Kuna alama nata imeshuka kando? Kiwango cha waini kimeshuka chini ya shingo na chupa bado ni changa? Rudisha kwa rafu, na usione haya, ni pesa yako. Chupa iliyosimama miezi mbele ya dirisha ama chini ya taa kali pia achana nayo. Omba ile iko kwa katoni nyuma.

Cheki stika ya KRA, halafu uiskani na programu ya Soma Label kwa simu. Feki si za vodka peke yake. Marekani, jamaa mmoja anaitwa Rudy Kurniawan alikuwa anakusanya chupa tupu za waini kali kutoka mikahawani, anachanganya zake jikoni na kuwauzia mabilionea. Walimshika 2012, na 2014 akahukumiwa miaka kumi. Hapa mtaani unajua vile chupa tupu ina soko. Ukimaliza ya bei, chana lebo kabla ya kutupa.

Pahali pa kuificha

Tuanze na ukweli mchungu: waini nyingi duniani hazijatengenezwa kuwekwa. 4th Street, Caprice, na ile ya boksi yenye mfereji, kunywa. Haziwi bora, zinachoka tu. Inayoweza kukaa ni nyekundu kavu yenye tanini nyingi na uchachu mzuri, na mtindo wa Bordeaux una vyote viwili. Ikikaa, tanini na rangi zinashikana polepole, zinakuwa nzito, zinazama chini kama machicha. Ule ukali unalainika. Harufu ya matunda mabichi inageuka kuwa ya ngozi, tumbaku, udongo baada ya mvua. Hiyo ndio watu hulipia.

Na si lazima iwe ya tajiri. Afrika Kusini kuna Chateau Libertas, imetengenezwa tangu 1932 na haijawahi kuwa ya bei ghali, lakini chupa zake za zamani zimekuja kufunguliwa baada ya miaka mingi na bado ziko hai, zinashangaza wataalamu.

Waini inapenda nyuzi 12 hadi 14, giza, na utulivu. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo hatuko vibaya kama Mombasa ama Kisumu. Ndani ya nyumba ya mawe huku huwa ni nyuzi 19 hadi 23 sehemu kubwa ya mwaka. Kanuni ya jumla ya kemia inasema joto likipanda nyuzi 10, mambo mengi yanaenda karibu mara mbili kwa kasi. Fanya hesabu basi. Kama Mfaransa amesema chupa ifunguliwe ikiwa na miaka 15, wewe wa Buruburu anza kuifikiria ikifika saba ama nane. Inazeeka tu haraka kuliko ya kwao. Kinachoiua kabisa ni joto la kupanda na kushuka. Mchana 32, usiku 16, kila siku. Waini inatanuka na kunywea, kizibo kinapumua, hewa inaingia.

Kwa hivyo nyumba ya mabati, hapana. Niko wazi hapo. Mabati ya Mukuru kwa Njenga saa nane mchana mwezi wa pili hayasamehi, hata uifunike na blanketi tatu. Kama unaishi hapo na chupa ni ya maana, mpelekee mtu unayemwamini mwenye nyumba ya mawe.

Na hapa ndio Pipeline inapata heshima yake. Zile bedsita za chini ambazo jua halijawahi kuingia, ambazo unawasha taa saa sita mchana na landilodi bado anapandisha rent? Kwa waini hizo ni bora kuliko orofa ya juu yenye view. Jua likipiga slabu siku nzima, chumba cha chini yake kinashika joto hadi usiku. Vivyo hivyo nyumba za zamani za mawe kama za Kaloleni, ambazo zilijengwa miaka ya 1940 na kuta nene, zinashinda ghorofa mpya za kuta nyembamba.

Ndani ya nyumba, jua letu la ikweta linapiga zaidi ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Wa magharibi ndio mbaya zaidi juu unakusanya joto la alasiri. Tafuta ukuta wa katikati, ule hauguzi nje. Chini ya kitanda, ama sakafu ya kabati. Laza chupa ili kizibo kibaki na unyevu (kama ni kifuniko cha kuzungusha, hata ikisimama hakuna noma). Iweke kwa katoni, jaza nguo kuukuu pande zote, halafu weka hapo ndani jerikeni moja ama mbili za lita tano zimejaa maji. Maji huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, kwa hivyo yanasawazisha mchana na usiku. Hakuna stima, hakuna tokeni. Ukitaka kuhakikisha, nunua kipimajoto kidogo Luthuli Avenue, kiweke hapo wiki moja, uangalie kinapanda hadi wapi.

Juu ya friji ni pahali pabaya kuliko pote, na ndio kila mtu huweka. Pana joto la mashine na mtikisiko mchana na usiku. Kuhusu mtikisiko, wataalamu wenyewe hubishana unaharibu kiasi gani, kwa hivyo kama nganya hupiga besi nje ya dirisha lako Jogoo Road, usihame kwa sababu ya waini. Joto halina ubishi. Ndani ya friji wiki moja ni sawa, lakini miaka miwili hapana, kizibo kitakauka. Kando ya jiko, mafuta taa ama rangi, usijaribu.

Sasa ile ndoto ya mtoto na miaka 18. Kwa keja ya kawaida ya Nairobi, Bordeaux ya kawaida haitafika. Itakuwa maji ya kahawia yenye huzuni. Una njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kununua port ya Ureno ya mwaka huo badala ya Bordeaux. Hiyo imeongezwa pombe hadi karibu 20% na ina uvumilivu mwingi. Ya pili ni friji ya waini, ukiwa na pesa na imani na Kenya Power. Ya tatu ndio naipenda: ocha. Kama kwenu ni Kinangop, Molo, ama hata Limuru, nyanya yako anakaa ndani ya stoo ambayo Mfaransa angechimba ardhi kuipata. Kona yenye giza ndani ya nyumba, mbali na moshi na dawa za shamba, miaka 18 inawezekana kwa chupa kali. Kama ocha ni Kitui ama Kilifi, pole, sahau.

Adui mwingine ni mabeshte. Ijumaa usiku, kreti imeisha, mtu anasema "si kuna ile chupa." Andika juu ya katoni "Vitabu vya KCPE." Hakuna mtu amewahi kuifungua.

Siku ya kuionja

Kama imezeeka zaidi ya miaka minane, isimamishe siku moja kabla, machicha yashuke. Kizibo cha zamani ni laini, kitoe polepole na kizibuo. Ile mbinu ya kugonga chupa ukutani na kiatu inafaa waini ya picnic. Hapa utakoroga machicha yote na ulikuwa umeyasubiri miaka yashuke.

Mimina taratibu kwa jagi safi ya glasi, tochi ya simu ikimulika shingo kutoka upande wa pili. Zamani walitumia mshumaa. Ukiona ukungu umefika shingoni, acha. Ikiwa changa, iache kwa jagi saa moja ama mbili ipate hewa, italainika. Ikiwa nzee sana, kunywa hapo hapo, juu harufu yake inaweza kupotea kwa dakika chache. Jagi ya juisi ni sawa kabisa, bora haina harufu ya sabuni.

Joto: nyuzi 16 hadi 18. Wanaposema "joto la chumba" wanamaanisha chumba cha jumba la mawe Ufaransa, hawamaanishi Donholm mwezi wa pili. Friji dakika 20 kwanza. Julai usihangaike. Glasi iwe imebana mdomoni, na mimina theluthi tu, ili uwe na nafasi ya kuzungusha bila kumwaga.

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Zambarau ukingoni ni changa, rangi ya tofali ni nzee. Zungusha, ingiza pua. Na usiseme huna maneno. Umelelewa Eastlands, pua yako imesoma. Cabernet hunukia beri nyeusi. Sisi tuna matunda ya zambarau, yale yalitupaka ulimi rangi shuleni. Ukisikia pilipili hoho, zabibu hazikuiva sana, ama kuna Cabernet Franc. Wataalamu hupenda kusema "penseli iliyochongwa." Hiyo ni mbao ya mwerezi, na mwerezi wetu, mutarakwa, uliwahi kutumika kutengeneza penseli zenyewe. Nenda kwa wauza mbao Gikomba unuse nguzo mpya. Tumbaku, pita Likoni Road karibu na BAT. Ngozi, tembea ndani ya soko la Kariokor kwa wale wa sandali. Vanila na mkate uliochomwa vinatoka kwa pipa la mwaloni.

Sasa weka mdomoni, usimeze haraka. Zungusha hadi ufizi. Kile kinachokausha mdomo ni tanini, na unaijua tangu utoto: ni ile ya strungi iliyochemka sana. Fanya jaribio nyumbani. Onja strungi kali bila sukari, halafu ongeza maziwa uonje tena. Ukavu umepungua, juu protini ya maziwa imeshika tanini. Nyama hufanya vivyo hivyo, ndio maana Bordeaux changa ambayo ikiwa peke yake inakukwaruza, ukiinywa na mbuzi choma ya Burma inakuwa mtu mwingine. Samaki wa kupaka usimweke hapo, na kachumbari yenye pilipili nyingi itafanya pombe iwake moto.

Kama inanuka katoni iliyolowa ama kitambaa cha kupanguza sakafu, kizibo kimeiharibu. Haitakudhuru, lakini haiwezi kurekebishwa. Kama inanuka jemu iliyopikwa ama tofaa lililooza na rangi ni kahawia, joto ama hewa iliipata njiani. Siki unaijua.

Hakuna anayezaliwa akijua haya. Mwaka 2017, Wazimbabwe wanne waliokimbilia Afrika Kusini kutafuta maisha, wakaanzia kazi za chini kabisa za hoteli, walienda Ufaransa kushindana kwenye mashindano ya dunia ya kuonja waini bila kuona lebo. Filamu yao, Blind Ambition, ilitoka 2021. Itafute.

Njia rahisi ya kuanza ni chama. Watu sita, katoni moja ya chupa sita za aina moja na mwaka mmoja, mtu atoe bei ya chupa moja. Fungueni moja sasa na moja kila mwaka, mkiandika kwa daftari mlisikia nini. Chupa ya mililita 750 inampa kila mtu 125, inatosha kuonja na hakuna atakayelala kwa mlango. Siku zingine valisheni chupa mbili soksi, ya bei ghali na ya bei rahisi, muone nani atabahatisha. Mkiona mwaka wa tatu imekuwa tamu kuliko wa pili, mnajua katoni imekaa pahali pazuri. Mkiona inashuka, maliza zilizobaki mwezi huo huo, msingoje.

Na ikibaki nusu, funga na kizibo chake, weka kwa friji, umalize kwa siku mbili ama tatu. Baada ya hapo, mwagia kwa mchuzi wa nyama.